Kukagua Gari Bila Kuinama

Vijana wangu wa gereji, tangu niweke spana chini mmenipigia simu mmoja baada ya mwingine kwa jambo lile lile: kuna mteja, kuna gari anataka kulinunua, je, mzee unaweza kuja kulitazama? Siji. Mgongo umekataa, na mke wangu amekataa zaidi. Lakini kwa kuwa simu haziishi, nimeona niandike namna nilivyoifanya kazi hii hapa Changamwe, msome wenyewe mkiwa mmekaa, mniache nimwagilie mchicha wangu.

Sitawasimulia vyeo, kwa sababu fundi hapandi cheo. Hupanda tofali tu ili aifikie injini ya lori. Kazi yangu ilikuwa moja. Mtu anataka gari lililokwisha kutumiwa na mwingine, ananichukua nikalitazame, kisha nimwambie anunue au akimbie. Wengi niliwaambia wakimbie, na baadhi yao mpaka leo hawajasimama.

Nilishuka Mombasa kutoka Ukambani nikiwa na cheti cha umakanika na Kiswahili cha kuombea maji. Gereji ilikuwa hiyo hiyo yenu, ila wakati ule nusu ya paa ilikuwa bati na nusu nyingine ilikuwa ahadi. Siku yangu ya kwanza fundi mkuu, Bwana Sudi, alikuwa amekwenda mazikoni, kwa hivyo mteja aliyekuja akapewa mimi. Alikuwa karani wa bandarini, naye alitaka kununua gari la jirani yake, mzee mmoja mwenye duka la nguo. Nilifika kwa mzee, nikasema "habari" moja tu, nikavua shati, nikaingia uvunguni na tochi. Niligongagonga kila mahali kwa nyundo. Nilipotoka nilitangaza kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, "Hapa chini kuna kutu!"

Yule mzee hakukasirika. Aliniitishia kahawa na haluwa, akanisindikiza mpaka mlangoni akiwa amenishika mkono, akanishukuru kwa taabu niliyoipata. Nilirudi gereji nikijiona bingwa. Kesho yake karani alikuja amefura: gari haliuzwi tena. Kutu yenyewe ilikuwa ndogo, ya kukwangua na kupaka rangi. Mzee alikuwa amewaambia majirani kwamba mwenzake alitaka gari, kisha akamletea polisi, yaani mimi.

Bwana Sudi alicheka mpaka akashika ukuta. "Kioko," akaniambia, "mtu wa hapa akikwambia gari lake zima, amekupa neno lake. Ukiingia uvunguni na tochi, hutafuti kutu. Wamtafuta yeye uongo."

"Sasa tununue tukiwa tumefumba macho?"

"Tutakagua, tena sana. Lakini hatutainama."

Lazima niwaeleze Bwana Sudi alikuwa mtu gani. Alikuwa na kanzu nyeupe iliyopigwa pasi ikasimama, na tumbo lililotangulia mahali pote alipokwenda. Yeye alisema kutoinama ni adabu. Mimi nilishuku ni tumbo. Baada ya kufanya naye kazi miaka mingi niliamua kwamba yote mawili ni kweli, na kwamba mtu mwenye akili hutafuta njia ambayo adabu na tumbo vitakubaliana.

Njia yake ilikuwa hivi. Hufiki kwa mwenye gari kama fundi. Unafika kama jamaa wa mnunuzi mliyeandamana naye. Unasalimia salamu kamili, ya nyumbani, ya watoto, ya wagonjwa. Huku salamu zinaendelea, mkono wako umepumzika juu ya boneti. Boneti likiwa la moto na mwenyewe anasema gari halijatoka tangu jana, basi limewashwa kabla hujafika ili usione linavyosumbua likiwa baridi. Kisha unalisifu gari. Unazunguka ukilipapasa taratibu, "Mashallah, mashallah," na ndani ya kiganja umeficha sumaku ndogo iliyoshonewa kitambaa. Pale sumaku inaposhika, ni bati. Pale inapoteleza, chini ya rangi ni unga wa kuzibia, na gari limewahi kugongwa. Hiyo mashallah msiisahau. Ukisifu mali ya mtu bila kuitaja, gari likaharibika kesho, ni jicho lako.

Ukikaribishwa ndani ya gari unavua viatu. Mwenye gari anafurahi, anaona umelitukuza gari lake kama sebule. Lakini nyayo zako sasa ziko juu ya zulia, na zulia lililowahi kuloa halikauki sawasawa katika hewa yetu ya bahari. Nyayo zitakwambia mahali maji yanapoingilia. Tena tazama mpira wa pedali ya breki. Kilomita za kwenye dashibodi zinaweza kurudishwa nyuma na mtu yeyote mwenye nia mbaya, ila sijamwona aliyerudisha ujana wa pedali iliyolika.

Mwisho, baada ya kahawa, unaomba lifti. "Bwana, kama waelekea barabarani, nisogeze." Hakuna Mswahili mwenye heshima zake atakayekunyima lifti. Unakaa kiti cha nyuma, unafumba macho kama mtu aliyechoka, na unasikiliza. Gari husema kila kitu kwa aliyekaa nyuma akanyamaza.

Msidhani wenye magari walidanganyika. Mwenye gari alijua, mnunuzi alijua, hata paka wa nyumba alijua. Ila hakuna aliyelazimishwa kusema, na kwa hivyo watu waliuziana magari na wakaendelea kualikana harusini.

Kwa wateja wa bara mambo yalikuwa mengine. Dereva mmoja wa lori wa Kipevu aliniambia, "Mzae, hii ndai usiionee huruma, ingia ndani kabisa." Nikaingia uvunguni mwa gari kabisa, na muuzaji, mtu wa bara vilevile, akaniletea mkeka wa kulalia. Kwa hivyo someni watu kwanza, gari baadaye. Hicho kimashine chenu cha kusomea injini, cha kuchomeka chini ya usukani, ni kizuri, nami nilikitumia, lakini hakiwezi kusoma uso wa mwenye gari.

Bwana Sudi alipofariki nilirithi sumaku yake na wateja wake. Njia yake ilinifikisha kila mahali, isipokuwa kwa Mzee Shee wa Jomvu Kuu. Huko ilikwama, na hicho ndicho kisa ninachotaka mkijue.

Alinijia mwalimu mmoja, Bi Rukia, mjane, mwenye binti aitwaye Nasra. Nasra hatembei, ana kiti cha magurudumu tangu utotoni, na ana ulimi unaotembea kwa niaba ya miguu. Muhula ule alikuwa amepata nafasi katika skuli moja upande wa Port Reitz, skuli yenye njia za mteremko na walimu waliomtaka. Taabu ilikuwa kufika. Tuktuk zilimchukua mtoto zikaacha kiti, au zikachukua kiti na mtoto asipate pa kukaa. Mwalimu mkuu alikuwa amesema wazi kwamba wapo watoto wengine wanaoingojea nafasi hiyo. Asiyeweza kuhudhuria kila siku atampisha mwenzake. Skuli zilikuwa zinafunguliwa Jumatatu iliyokuwa inakuja.

Mjomba wake Bi Rukia, ndugu wa mama yake, ndiye Mzee Shee. Alikuwa seremala wa vitanda aliyestaafu, na alikuwa na gari jeupe lenye buti refu ambamo kiti cha Nasra kiliingia bila kukunjwa. Alisema umri umefika wa kupumzika na usukani, na gari atamuuzia mpwa wake, si mtu mwingine. "Wallahi gari zima," alisema, "halina hata ila moja." Bi Rukia alimwamini mjomba wake kuliko alivyoniamini mimi. Lakini asubuhi zote angekuwa na mtoto ndani, kwenye barabara ya malori, na alitaka mtu mwingine alitazame bila mjomba kuona ametiliwa shaka. "Mjomba ndiye aliyenilea," aliniambia. "Akiniona nimemshuku, sitakuwa na uso wa kumtazama."

Nikaenda. Salamu kamili, boneti baridi, sumaku ikashika kila mahali, zulia kavu. Nilianza kulipenda lile gari. Baada ya kahawa nikaomba lifti mpaka barabara kuu, na Bi Rukia akasema naye na Nasra watatoka kidogo wapunge hewa. Mama akakaa mbele, mimi na Nasra nyuma.

"Karibuni," akasema Mzee Shee. "Ndia hii naijua hata mato yakifumbwa."

Hatujafika mbali sauti ikaanza. Ilikuwa ngurumo nzito kutoka magurudumu ya mbele, kama jiwe la kusagia nafaka. Mwendo ukipanda nayo ikapanda. Tulipokunja kulia ikazidi, kwa hivyo nikajua ugonjwa uko kushoto, ambako uzito ulikuwa umelalia. Ilikuwa beringi ya gurudumu, tena iliyokwisha kabisa. Gurudumu la namna hiyo hungojea tu siku ya kung'oka.

Niliwatazama wenzangu. Bi Rukia alikuwa anatazama minazi. Nasra alikuwa ananitazama mimi. Mzee Shee alikuwa anatusimulia habari za vitanda vya samadari, na kadiri ngurumo ilivyopanda ndivyo sisi sote tulivyopandisha sauti kumjibu, bila mtu kushangaa. Tulipokaribia barabara kuu nikasema, "Mzee, nishushe hapa." Akapita. Nikasema tena. Akapita zaidi, akiendelea na vitanda. Nasra akajinyoosha mbele akamgusa bega. "Babu! Fundi ashuka!"

"Mbona hakusema?" akauliza Mzee Shee, akakanyaga breki.

Hapo nikaelewa. Mzee hakuwa anatudanganya hata chembe. Alikuwa haisikii.

Jioni ile nilimwambia Bi Rukia yote. Hakushtuka. "Ile sauti? Ile ni ya mjomba, tumeizoea. Watoto wakiisikia huondoa mpira barabarani."

"Na hakuna aliyemwambia?"

"Kumwambia nini, fundi? Kwamba gari lake labomoka, au kwamba yeye hasikii?"

Vijana, beringi ni kazi ya asubuhi moja. Mngeweza kuibadilisha hata nyinyi, mkiacha simu zenu ndani. Lakini ilikuwa lazima mwenye gari aambiwe, na njia ya Bwana Sudi ilikuwa imetengenezewa mwenye gari anayejua na ananyamaza. Huyu hakujua. Ningenyamaza, Bi Rukia angenunua kwa heshima na kumpakia mtoto kwenye gurudumu bovu. Ningesema, ningemvua mzee nguo mbele ya watu wake. Usiku ule sikulala vizuri, na sababu haikuwa mbu.

Asubuhi nilirudi Jomvu Kuu peke yangu. Nilimkuta Mzee Shee barazani. Nilikaa mbele yake, nikamtazama usoni ili anisikie, nikasema, "Mzee, jana gari lako nililisikiliza kwa masikio yangu. Leo niazime mkono wako."

Mzee akainuka. Tulitoa jeki kwenye buti, nikainua gurudumu la mbele kulia. Nilimwomba aweke kiganja kwenye springi, nami nikalizungusha. "Limelainika," akasema, "kama mti uliopigwa msasa." Tukahamia kushoto. Akaweka kiganja, nikazungusha. Mzee Shee alikuwa amepapasa mbao maisha yake yote. Alikunja uso, akahamisha kiganja, akasema nizungushe tena.

"Muna mchanga humu."

"Ni beringi, mzee. Imesagika."

"Na ikiwa hivi, hulia?"

"Hulia."

"Kwa nguvu?"

Nilifikiri kumpunguzia. Nikaona tumeshapunguziana vya kutosha. "Kwa nguvu, mzee."

Alijifuta mkono kwenye shuka aliyojifunga, taratibu, kidole kwa kidole. "Ahsante, fundi," akasema. "Gari haliuzwi." Akaingia ndani, na mlango ukafungwa kwa upole.

Nilirudi Changamwe nimenyong'onyea. Nilimpigia Bi Rukia nikamweleza, naye hakunilaumu, jambo ambalo lilinichoma zaidi kuliko lawama. Nyuma yake nilisikia sauti ya Nasra ikiuliza, "Sasa skuli nitakwenda na nini?" Siku iliyofuata nilifanya kazi vibaya. Nilimfungia mteja kifuniko cha radieta cha gari la mtu mwingine.

Jumamosi, tukiwa tunapanga vyombo, nilisikia ngurumo kutoka mbali. Nilimjua kabla sijamwona, na nikaelewa jinsi mtaa mzima ulivyomjua. Gari jeupe liliingia polepole sana, dereva amekaa wima, na nyuma Nasra, na Bi Rukia pembeni yake amejitanda leso mpaka pua.

Mzee Shee alishuka, akasalimia mafundi wote mmoja mmoja, kisha akasimama katikati ya gereji. Alisema kwa sauti, maana sasa hakuwa na sababu ya kuificha hali yake.

"Nimezunguka mtaani siku mbili nikiuliza. Nimemuuliza imamu, alisikia. Nimemuuliza muuza kahawa. Yeye hubandika birika akinisikia niko kona ya kwanza, nikifika imechemka. Nimewauliza watoto wa mpira. Mtaa mzima umenifanyia heshima mpaka gurudumu langu liko karibu kung'oka."

Mafundi walitazama chini. Mimi pia.

"Tena nikaapa wallahi gari zima, mbele ya mtoto huyu," akaendelea. "Sikusema uongo, Mungu ajua. Lakini niliapia nisichokisikia." Akanigeukia. Wakati huo nilikuwa na mvi tele, lakini akaniita kijana. "Kijana, lala chini. Ingia na tochi, gonga kwa nyundo, na ukiona kutu, tangaza."

Nikalala chini. Katika miaka yangu yote ya kazi sikuwahi kuingia uvunguni nikiwa na furaha kiasi kile. Mzee Shee alivua kofia, akakaa juu ya tofali, akanishikia taa, na kila nilichokuta nilimwambia kwa kelele: mpira wa stelingi umepasuka, breki za nyuma zimelika, kutu kidogo chini ya mlango. "Andika!" alikuwa akimwambia Bi Rukia, ambaye hakuwa na kalamu. Tulirekebisha vyote siku ile ile. Beringi kuukuu nilipoishusha, aliiomba. Aliizungusha kidoleni akiwa ameinamisha kichwa, akihisi ule mchanga.

"Nasra," akasema, "wewe wakaa nyuma kila siku. Ulisikia?"

"Nilisikia, babu."

"Mbona hukunambia?"

"Niliambiwa ni vibaya."

"Kuanzia leo si vibaya. Lipo jingine ambalo nyote mwalijua?"

Nasra alimtazama mama yake, na mama yake akafumba macho kama mtu anayengojea sahani ivunjike. "Redio yako ya alfajiri, babu. Yaamsha nyumba tatu." Mzee Shee alicheka, na hapo ndipo Bi Rukia akaishusha leso yake, nikaona alikuwa analia na kucheka kwa pamoja.

Waliuziana pale pale gereji, mimi na fundi mwenzangu tukiwa mashahidi. Mzee Shee aliutia ufunguo katika mkono wa mpwa wake akasema, "Nimekuuzia gari hili, na ila zake umezisikia." Bi Rukia akajibu, "Nimenunua, mjomba, nimekubali." Safari hii hakuna aliyeapa. Kiti cha Nasra kikaingia kwenye buti bila kukunjwa, mama akashika usukani, na wakatoka kwenda kulijaribu mpaka Port Reitz, kwenye lango la skuli yenyewe, ili Jumatatu isiwakute wageni.

Mzee Shee alibaki amesimama nami langoni, beringi kuukuu ikiwa bado mkononi. Gari lilishika barabara, likaongeza mwendo, likakunja kulia. Aliniangalia midomo.

"Lalia?"

"Halilii, mzee. Kimya kabisa."

Akatikisa kichwa, ameridhika, akitazama upande gari lilikopotelea.

"Basi sasa tumelingana," akasema. "Mimi silisikii, na nyinyi hamulisikii."